Dakika tano jukwaani zatosha kurekebisha tovuti?

Mada fupi katika makongamano ya uuzaji kupitia injini za utafutaji hulaumiwa kwa jambo moja: kumwaga mbinu bila muktadha. Katika mtindo wa Ignite, ulioanzia Seattle mwaka 2006, mtoa mada hupewa slaidi 20, kila moja sekunde 15, nazo hujigeuza zenyewe hata kama hajamaliza sentensi. Wakosoaji husema muda huo hautoshi hata kueleza ni tovuti ya aina gani inayozungumziwa.

Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini makosa mengi yanayoziumiza tovuti ni madogo, yana chanzo kimoja na dawa moja, na hayo ndiyo mada fupi huyaeleza vizuri kuliko hotuba ndefu.

Chukua ukurasa wa zamani ambao mwenyewe anataka uondoke Google. Anauwekea noindex, agizo la ndani ya msimbo wa ukurasa linaloiambia Google isiuonyeshe kwenye matokeo, kisha, kwa kutaka uhakika zaidi, anaongeza Disallow kwenye robots.txt, faili la tovuti linalowaambia roboti wa injini za utafutaji wapi wasipite. Hapo ndipo anapoharibu. Disallow humzuia roboti kuufungua ukurasa. Asipoufungua, hawezi kuisoma noindex. Asipoisoma, anwani inaweza kubaki kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google inazijua, na kama tovuti nyingine zina viungo vinavyoelekea huko, ikatokea kwenye matokeo bila maelezo yoyote chini yake. Ulinzi wa pili umeubatilisha wa kwanza! Dawa yake ni kuondoa Disallow na kuiacha noindex peke yake. Faili la PDF halina mahali pa kuweka tagi ya HTML, kwa hiyo agizo lake hutumwa na seva kupitia X-Robots-Tag, maelezo yanayoambatana na faili linapofunguliwa. Kisha anwani ikaguliwe ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti: kama roboti alipita mara ya mwisho kabla ya marekebisho, hakuna kilichobadilika bado. Mwenye haraka anaweza kutumia zana ya kuondoa kwa muda, inayodumu takriban miezi sita, ila noindex lazima iwepo na isomeke kabla muda huo haujaisha. Na ukurasa wenye siri hulindwa kwa nenosiri, si kwa noindex.

Hayo yote, kuanzia dalili hadi uthibitisho, yanaenea katika slaidi 20. Yakiingizwa ndani ya hotuba ya dakika 45 kuhusu mkakati, hupewa sentensi moja, na msikilizaji anaondoka na daftari lenye maneno "angalia robots.txt", ambayo hayamwambii aangalie nini.

Mambo huharibika pale ushauri unapotegemea masharti. "Shusha LCP chini ya sekunde 2.5," yaani muda ambao kipande kikubwa zaidi cha ukurasa huchukua kuonekana, na slaidi imeshageuka. Haikusemwa kwamba kipimo hicho huchukuliwa kwenye asilimia ya 75 ya ziara za watumiaji halisi, yaani angalau robo tatu ya ziara zifikie kiwango hicho, wala kwamba takwimu hizo hujumlisha siku 28 zilizopita. Msikilizaji anapunguza uzito wa picha leo, kesho haoni tofauti kwenye ripoti, anadhani kazi imeshindikana. Mwingine kasikia kwamba kuchelewesha upakiaji wa picha hadi msomaji azikaribie huongeza kasi, akaziwekea zote, pamoja na ile kubwa ya juu kabisa ambayo mara nyingi ndiyo LCP huipima. Ukurasa ukachelewa kuonekana kuliko awali.

Grafu za kabla na baada nazo ni tatizo, kwa kuwa mibofyo huweza kupanda kwa sababu ya msimu tu. Lakini grafu hizohizo hupita pia katika hotuba za saa nzima, tena bila kuulizwa, kwa hiyo sioni haki ya kuutupia ufupi lawama yote.

Slaidi moja kati ya 20 ingetengwa kwa masharti: ukubwa wa tovuti, mfumo unaoiendesha, kilichopimwa na kwa siku ngapi, na pale mbinu iliposhindwa. Msikilizaji naye aijaribu mbinu kwenye kundi dogo la kurasa zenye muundo mmoja, aache kundi la kufanana nalo bila kuligusa, kisha alinganishe mibofyo ya makundi yote mawili na wiki zilezile za mwaka uliopita. Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo ulinganisho huo unawezekana bila kununua zana nyingine.