Mgonjwa akishachomwa sindano ya mionzi, umkaribie kiasi gani?

Katika chumba cha eksirei mionzi ina mwanzo na mwisho. Mtaalamu anatoka nje, anabonyeza kitufe, picha inapigwa, na akirudi ndani anamkuta mgonjwa yuleyule, hana chochote cha kuogopwa. Kwenye tiba ya nyuklia, ambako mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi kwa ajili ya picha au matibabu, mambo yamegeuka. Kamera ya gama haitoi mionzi yoyote, inapokea tu. Anayetoa mionzi ni mgonjwa mwenyewe, kwa sababu dawa aliyochomwa imeshaingia kwenye mifupa, moyo, figo au uvimbe wake, na itaendelea kutoa mionzi hadi iishe nguvu au itoke kwa mkojo. Mteknolojia, yaani mtaalamu anayemhudumia mgonjwa na kumpiga picha, hana swichi ya kuizima.

Kanuni za kujikinga ni tatu na kila anayesomea fani hii huzijua kwa moyo: punguza muda, ongeza umbali, weka kinga. Huduma kwa mgonjwa inadai kinyume chake: msogelee, mshike mkono apande kitandani, mfunike, msikilize. Baada ya sindano, kila moja ya matendo hayo ina gharama inayopimika kwa kifaa. Ndiyo maana suala la umbali linazua ubishi wa kweli kati ya watu wanaofanya kazi hii kwa bidii ileile, na ubishi huo haustahili kumalizwa kwa kuwaita wengine waoga na wengine wazembe.

Nianze na wanaosema kaa mbali. Chukua mgonjwa wa PET, kipimo cha picha kinachofuata sukari yenye mionzi mwilini, aliyechomwa megabekereli 370 (kipimo cha nguvu ya dawa ya mionzi) za glukosi yenye florini-18. Muda mfupi baada ya sindano, mtu aliyesimama mita moja kutoka kwake hupokea takribani mikrosievert 30 kwa saa (sievert hupima mionzi inayoingia mwilini; mikrosievert 1,000 ni milisievert 1). Ukikaa hapo dakika 10 umepata kama mikrosievert 5. Hiyo ni pungufu ya kile ambacho binadamu hupata kwa siku moja kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, maana wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisievert 2.4 kwa mwaka. Kwa mgonjwa mmoja hakuna cha kubishania.

Ubishi unaanza unapozidisha. Wagonjwa 10 kwa siku, siku 230 za kazi kwa mwaka, dakika 10 kwa kila mmoja kwa umbali wa mita moja: unakaribia milisievert 12. Sogea hadi nusu mita, nguvu ya mionzi inapanda karibu mara nne. Mwili wa mtu si nukta, kwa hiyo hesabu hii hailingani kabisa na hali halisi ukiwa karibu sana, lakini mwelekeo ni huohuo. Hapo hata dakika 5 tu kwa kila mgonjwa zinakupeleka kwenye milisievert 23, juu ya kikomo cha wastani wa milisievert 20 kwa mwaka kinachopendekezwa na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICRP. Kwa kawaida wateknolojia wa PET huishia milisievert chache tu kwa mwaka, na sababu kubwa ni kwamba wanaitii kanuni ya umbali. Anayechukua rekodi hiyo nzuri na kuitumia kama ushahidi kwamba umbali hauna maana amesahau rekodi hiyo imepatikanaje.

Tena hakuna vazi la kukuokoa. Aproni ya madini ya risasi yenye unene wa nusu milimita inazuia zaidi ya nusu ya mionzi ya tekineti-99m, inayotumika kwenye picha za mifupa na nyinginezo, ambayo ina nishati ya kilo-elektrovolti 140. Mionzi ya PET ina kilo-elektrovolti 511, na aproni hiyohiyo inazuia sehemu ndogo sana yake. Anayeivaa siku nzima katika kitengo cha PET anauchosha mgongo kwa faida isiyoonekana, na akiivaa huku akijiona amekingwa, akasogea na kukaa zaidi, amejiongezea dozi. Vidole navyo vina habari yao: ndivyo vinavyoshika bomba la sindano, na ndiyo maana mteknolojia huvaa pete ya kupimia mionzi pamoja na beji ya kifuani. Na kwa mteknolojia mjamzito hesabu inakuwa kali zaidi. Baada ya kutoa taarifa ya ujauzito, dozi ya ziada kwa mtoto aliye tumboni inatakiwa isizidi milisievert 1 kwa muda wote uliobaki. Mama huyo hawezi kuambiwa kwamba moyo wa huruma utamlinda.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hoja yake bora ndiyo inayosahaulika. Watetezi wa ukaribu mara nyingi hutaja utu. Wengi wa wanaolala chini ya kamera hizi wamekuja kujua kama saratani imesambaa, na mtu wa namna hiyo hafai kuzungumziwa kwa kipaza sauti kutoka nyuma ya kioo. Hilo ni kweli, lakini likiachwa hapo litashindwa mbele ya namba nilizozitaja. Lina mwenzake wa kitaalamu: mgonjwa asiyehudumiwa vizuri hutoa picha mbaya.

Glukosi yenye florini-18 huenda popote mwili unapotumia sukari. Ndiyo sababu mgonjwa hufunga kula kwa saa 4 au zaidi, hupimwa sukari, na baada ya sindano hulazwa ametulia kama saa moja kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Akiongea sana, misuli ya koo inang'aa kwenye picha. Akiwa amekaza mabega, misuli ya shingo inang'aa. Akisikia baridi au akiwa na hofu kubwa, yale mafuta ya kahawia ya shingoni na kifuani yanaanza kuchoma sukari, na daktari anayesoma picha anabaki kutenganisha mafuta na tezi zilizovamiwa na saratani. Kwa maneno mengine, hofu ya mgonjwa inaingia kwenye picha. Blanketi lenye joto na maneno machache ya kutuliza ni sehemu ya maandalizi ya kipimo kama ilivyo sindano yenyewe.

Picha za mifupa zina mfano mwingine. Kati ya sindano na picha hupita saa 2 hadi 4, na katika muda huo mgonjwa anatakiwa kunywa maji na kukojoa. Mzee anayeumwa nyonga, ambaye hakuna aliyemsaidia kufika chooni, ataingia chini ya kamera na kibofu kilichojaa ambacho kinaficha mifupa ya nyonga. Na tone moja la mkojo kwenye nguo linaweza kuonekana kama kidonda kwenye mfupa wa paja. Kisha anatolewa, anabadilishwa nguo, anasafishwa, anapigwa picha upya. Mteknolojia aliyekwepa dakika 2 za kumsaidia anaishia kukaa naye dakika 15 akiwa bado anatoa mionzi. Na pale picha inapoharibika kabisa, mgonjwa huitwa siku nyingine na kuchomwa dozi nyingine. Umbali uliokusudiwa kupunguza mionzi umeiongeza kwa wote wawili.

Hata hivyo, hoja hii ya picha bora haitetei kila aina ya ukaribu, bali ule unaofanyika kwa wakati wake. Kabla ya sindano mgonjwa hana mionzi hata kidogo. Hapo unaweza kukaa naye bega kwa bega nusu saa, ukamwuliza historia yake, ukamweleza kila hatua, ukamwonyesha choo kilipo, ukaweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), ukamvua mkufu na mkanda, ukajua kama anaogopa kubanwa ndani ya mashine. Yote haya huwa hayaongezi dozi yoyote kutoka kwake. Yakifanyika vizuri, kinachobaki baada ya sindano ni kumwongoza na kumlaza, na anayejua kinachokuja hahitaji kushikiwa mkono kila dakika. Huu ndio msimamo wangu: sehemu kubwa ya mgongano kati ya kinga na huduma inatokana na mpangilio mbaya wa kazi, na mpangilio unarekebishika.

Pingamizi kubwa ninalolijua ni saa ya ukutani. Dawa hizi haziwekwi akiba. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110; mgonjwa akichelewa saa moja, karibu theluthi ya dozi yake imeshatoweka ndani ya chupa. Tekineti-99m hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo iliyopimwa saa 2 asubuhi imebaki nusu ifikapo saa 8 mchana. Nayo hutokana na molibdeni-99, ambayo hupungua nusu kila saa 66 na hutengenezwa kwenye vinu vya nyuklia vichache sana duniani. Kinu cha Chalk River nchini Kanada kiliposimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, na kile cha Petten nchini Uholanzi kikawa nacho kimefungwa kwa matengenezo sehemu ya mwaka 2010, upungufu ulifika hadi kwenye vyumba vya picha vya nchi nyingi. Mteknolojia hufanya kazi mwishoni mwa mnyororo huo. Dozi imeshafika, imeshapimwa, inapungua, na mgonjwa wa pili yuko nje. Dakika zinazokatwa kwanza ni zile za mazungumzo kabla ya sindano, maana hazionekani kwenye ripoti yoyote. Yaani zinakatwa dakika salama kuliko zote, kisha wasiwasi wa mgonjwa unahamia upande wa pili wa sindano, ambako kila dakika ina gharama.

Kwa hiyo simlaumu mteknolojia anayesimama mlangoni na kutoa maelekezo kutoka mbali, kama amepewa wagonjwa wengi kuliko mikono iliyopo. Amechagua kujilinda ndani ya ratiba ambayo haikumpa nafasi ya kuchagua kingine. Ninachokikataa ni pale kitengo kinapolifanya hili kuwa suala la tabia ya mtu mmoja mmoja. Mara nyingi hutokea kwamba mwenye roho laini ndiye anayeitwa kila akija mtoto anayelia au mzee asiyeweza kutembea, na beji yake ndiyo inayosoma juu kila mwezi. Mzigo huo ugawanywe kwa zamu, kama zamu za usiku zinavyogawanywa. Kwa watoto, mzazi asiye mjamzito anaweza kukaa karibu na kitanda wakati wa picha: kwake ni tukio la mara moja, kwa mfanyakazi ni la kila siku.

Mashine zinazochoma dawa zenyewe zinaibua ubishi uleule kwa sura mpya. Zinapunguza sana dozi ya vidole, na wapo wanaoziona kama hatua nyingine ya kumwacha mgonjwa peke yake. Mimi ninaziunga mkono, kwa sharti kwamba muda unaookolewa urudishwe kwa mgonjwa kabla ya sindano na usigeuzwe kuwa nafasi ya kumwingiza mgonjwa mwingine. Kamera mpya zenye uwezo mkubwa wa kunasa mionzi nazo zinaruhusu dozi ndogo zaidi au picha ya muda mfupi, na hilo linawapunguzia wote mzigo.

Kwenye matibabu, tofauti na picha, mizani inaegemea zaidi upande wa umbali. Anayepewa dozi kubwa ya iodini-131 kwa saratani ya tezi ya shingo hutengwa kwenye chumba chake, na kila anayeingia anahesabu dakika. Luteti-177, dawa nyingine ya mionzi ya kutibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa uvimbe wa neva na homoni na mwaka 2022 kwa saratani ya tezi dume, inaleta wagonjwa wanaorudi mara kadhaa, kila baada ya wiki kadhaa zilizopangwa. Hapo maandalizi ya awali yana thamani zaidi, na kuna nafasi ya kuyafanya siku kadhaa kabla.

Ipo hali moja isiyo na pande mbili. Mgonjwa akianguka, akizimia au akishindwa kupumua, unamwendea mara moja, mwenye mionzi au asiye nayo. Kwenye vipimo vya picha, dozi ya dakika hizo ni ndogo mno kulinganishwa na maisha yake, na kila mfanyakazi wa kitengo anapaswa kuambiwa hivyo kabla tukio halijatokea.

Kwa siku za kawaida, vitengo tayari vinarekodi dozi ya kila mfanyakazi. Virekodi pia dakika ambazo kila mgonjwa alipata na mteknolojia kabla ya sindano, na idadi ya picha zilizorudiwa. Safu hizo tatu zikiwekwa kwenye karatasi moja mbele ya mkuu wa kitengo, atajua kama anahitaji kumsema mfanyakazi au kuajiri wa pili.