Hata kwenye ujima, mwenye shamba hupika

Nina daftari la skuli, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ambalo mke wangu ameshataka kulitupa mara tatu. Limeingia maji ya mvua, kurasa zimegandana, na kwenye pembe panya ameonja. Ukilifungua utakuta maneno kama haya: "Sukari kilo mbili, Bi Mkubwa. Tukuza ya elfu tano, fundi cherehani. Mshipi, mvuvi wa Funguni. Kubeba viti 40, vijana watatu, nauli bado." Tukuza ni umeme wetu wa kulipia kabla, na mshipi ni uzi wa kuvulia.

Hiyo ndiyo historia ya kilabu yetu ya taarab kwa mwaka 2020. Jina la kilabu silitaji. Ni ndogo, haina santuri wala safari za Ulaya, na waliomo watajijua wakisoma. Mimi mwenyewe si mpigaji. Ujanani nilijaribu dumbaki, mwalimu akanisikiliza wiki mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba kilabu ina upungufu mkubwa wa makatibu. Tangu siku hiyo ninaandika.

Hapa Unguja mwezi wa Ramadhani vyombo hupumzika. Hufungwa vitambaa, vikawekwa ndani, vikasubiri Idi. Mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, lakini corona ilikuwa imeshatangulia: mikusanyiko ilizuiwa Machi, ndege za watalii zikasita, hoteli za Nungwi na Paje zikafunga milango. Kwa hiyo vyombo vyetu vilianza kufunga mwezi mzima kabla ya watu. Na Idi ilipofika, tarehe 24 Mei, havikufungulia. Mtu aliyekulia Mjini anajua Idi bila taarab ya usiku ni Idi ya namna gani.

Wapigaji wetu karibu wote walikuwa wanakula kwa watalii. Mpiga udi alikuwa na usiku wake tatu kwa wiki katika mgahawa wa hoteli. Akarudi kwao Makunduchi kupalilia muhogo. Mmoja wa fidla akaingia kwenye bodaboda. Harusi, ambazo ndizo zilizokuwa zikitulipia kodi ya chumba, zikawa za watu kumi na kadhi. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, lakini naye ana watoto.

Sasa ningeweza kuandika hapa jinsi tulivyoshikamana, nikamaliza. Makala za namna hiyo zipo nyingi, na kila nikizisoma huuliza: aliyebeba viti alirudije nyumbani? Alipanda daladala au alitembea?

Ngoja kwanza niwaeleze habari ya ganuni, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Ganuni ni chombo cha kudekezwa. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, kila tatu ni sauti moja, na daraja linalozibeba limekalia ngozi ya samaki iliyowambwa kama ya tari. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, kila pete imebana kijiti kama ukucha, na kabla ya bashrafu, ule muziki usio na maneno wa kufungulia onyesho, utamwona ameinama dakika ishirini, thelathini, anazungusha vigingi kwa ufunguo huku watu wanakunywa soda na kulalamika. Masimulizi yetu yanasema Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Misri kujifunza chombo hiki. Safari nzima ya bahari kwa ajili ya ganuni! Ukiiona inavyosumbua unaelewa kwa nini haikutosha kuagiza tu kwa barua.

Chombo hiki tulikiacha kimefungwa, dirisha limezibwa, katika chumba ambacho masika hupumua ukutani. Mwezi Juni tulipofungua, nyuzi kumi na moja zilikuwa zimekatika na nyingine hazishiki sauti. Nyuzi za kununua hutoka mbali, na duka la vyombo vya muziki vya Kiarabu Darajani hakuna. Tukabaki tumesimama kama watu wa maiti. Ndipo mvuvi mmoja wa Funguni, ambaye kazi yake kilabuni ni kuja kusikiliza tu, akashika uzi mmoja uliokatika, akauvuta kwa meno, akauangalia kwenye mwanga wa mlango. Akasema, "Huu si mshipi huu?"

Alikuwa sahihi. Ganuni za siku hizi hufungwa nyuzi za nailoni, na nailoni ni nailoni. Akarudi jioni na mishipi ya unene tofauti, kila mmoja kwenye kigogo chake, na akakaa na mwalimu mpaka usiku wakilinganisha: huu wa changu, huu wa kolekole, huu mnene wa jodari weka chini kule kwenye sauti nzito. Mwalimu anagusa, anatikisa kichwa, mvuvi anatoa mwingine. Mimi nilikuwa nashika tochi ya simu, maana tukuza ilikuwa imekwisha. Sijawahi kusikia darsa la muziki zuri kuliko lile.

Usiku ule nikaandika: "Mshipi, mvuvi wa Funguni." Neno moja na jina lake. Baadaye nikajiuliza, ule mshipi ni wa nini? Ni mtaji wake. Ni samaki ambao hakuwavua wiki ile. Sisi tulimpa nini? Tulimpa "Mungu akulipe."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, na nimeshagombana nao hata kwenye kundi la WhatsApp la kilabu. Tumelipokea neno "kujitolea" kama vile maana yake ni mtu kuja mikono mitupu na kuondoka tumbo tupu. Wazee wetu hawakulima hivyo. Ukiita ujima, watu wanakuja na majembe yao, hawakudai ujira, lakini chungu kinakuwa mekoni tangu alfajiri. Mwenye shamba hupika. Na kesho ikiita shamba la mwenzio, unakwenda, na ukishindwa kwenda unamtuma mwanao. Mwenye shamba aliyeita watu wakalima mpaka adhuhuri kisha akawaambia "ahsanteni sana, mna moyo" angesemwa mtaa mzima, na mwaka unaofuata angelima peke yake.

Sasa katika muziki tumegeuza. Anayelima halafu akauliza chakula ndiye anayeonekana hana moyo.

Mwaka huohuo wa 2020, mambo yalipoanza kulegea, ofisi moja ilitualika tupige kwenye sherehe yake. Sitaitaja. Tukauliza malipo, tukajibiwa kwamba nchi imepita kwenye wakati mgumu na kila mtu anajitolea. Tukaenda, kwa sababu wapigaji walikuwa na kiu ya kupiga kuliko kiu ya pesa. Viti vya hema vilikuwa vya kukodi. Maua yalikuwa ya kununuliwa. Mshereheshaji, nilimwona kwa macho yangu, alipokea bahasha. Sisi watu kumi na tisa tulipewa soda na biskuti, na gari la kurudisha vyombo hatukupewa. Besi lile, ambalo ni refu kuliko mtu, lilirudi Mjini juu ya mkokoteni likiwa limefunikwa kanga za waimbaji kwa sababu ya manyunyu. Watoto wakawa wanatufuata nyuma wakiuliza kafa nani.

Nimeshacheka sana kwa kisa hicho. Lakini kila nikikisimulia, kuna mtu husema, "Ndiyo moyo wa sanaa huo." La. Hapo hapakuwa na moyo wa sanaa. Palikuwa na mtu aliyepiga hesabu zake vizuri na akaona sisi ndio tunaoweza kukatwa.

Najua hoja ya upande wa pili, tena inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema ukianza kutoa nauli, kesho watataka posho, keshokutwa mshahara, na kilabu itakufa. Wananikumbusha kwamba kilabu zetu zilianza kwa urafiki. Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, jina lenyewe lilitangaza udugu na usafi wa nia. Kilabu za wanawake za zamani, Sahib el-Ari na Nuru el-Uyuni, ziliishi kwa michango ya wanachama, sare moja na ushindani ambao ungedhani ni mpira. Hakuna mfadhili aliyetoka ng'ambo na fomu za kujaza.

Ni kweli, na sehemu hii nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Mfadhili ni mvua ya kupita. Mwaka 2016 Sauti za Busara, tamasha kubwa la muziki kisiwani, halikufanyika kwa sababu fedha hazikutimia. Mwaka 2019 chuo cha muziki cha nchi za majahazi (DCMA), kile kilichokuwa katika jengo la forodha ya zamani, kilitoka hadharani kusema kwamba kinaelekea kufunga kwa kukosa fedha. Chuo ambacho kimewafundisha vijana wetu ganuni na udi, na karibu kila bendi ya hoteli ina mtu aliyepita pale! Kilabu ndogo kama yetu haikutikisika kwa mfadhili kuondoka, maana hakuwahi kuja.

Lakini watu wa 1905 mbona hatujiulizi walikuwa wanaishi wapi? Malindi, Kajificheni, Kiponda. Walitoka msikitini baada ya Isha wakaingia kilabuni kwa ndara. Leo mpiga chelo wetu anakaa Fuoni, mwimbaji mmoja yuko Bububu, na wale vijana wa viti wanatoka Mwanakwerekwe. Mji Mkongwe umekuwa wa hoteli na maduka ya vinyago. Kumwambia mtu wa Mwanakwerekwe ajitolee kama mtu wa Kiponda ya zamani ni kumtoza kodi ambayo yule wa zamani hakuilipa. Daladala mbili kwenda, daladala mbili kurudi, na baada ya saa nne usiku hakuna daladala, kuna bodaboda, na bodaboda usiku haina huruma.

Halafu kuna suala la tunza. Hili najua litaniletea maneno.

Sote tunajua inavyokwenda. Mwimbaji anafika pale penye ubeti wenye sumu, mwanamke anainuka kwenye kiti chake taratibu, anakuja mbele kwa mwendo wa maringo, noti imekunjwa kati ya vidole viwili, anaitoa huku anamwangalia mwingine kabisa, yule aliyekusudiwa. Ni kitu kizuri mno, mimi nikikiona husahau kuandika. Pesa ile inaingia kapuni, na usiku wa manane tunagawana: mwimbaji, wapigaji, na fungu la kilabu. Aliyefika saa nane mchana akafagia ukumbi, akapanga viti, akavuta nyaya za spika, hamo kwenye mgao. Bi Mkubwa wa chai hamo. Fundi cherehani aliyekuwa akitununulia umeme kwa miezi mitano bila kuulizwa, hamo.

Nilipendekeza kwenye mkutano tuweke fungu dogo. Sikusema mshahara. Nilisema nauli kwanza, kabla ya mgao wowote, na chakula cha usiku kwa kila aliyeshika kitu chochote siku ile. Mpiga fidla mmoja, mzee wangu, akasimama akasema, "Katibu, wewe unataka kutufanya kampuni." Watu wakacheka. Bi Mkubwa alikuwa pembeni anaosha vikombe. Hakucheka, hakusema kitu, aliendelea kuosha, ila nilisikia vikombe vinagongana zaidi kidogo kuliko kawaida yake.

Pendekezo lilishindwa kwa kura mbili. Lilipita mwaka uliofuata, kwa njia isiyo ya heshima sana: vijana wa viti hawakutokea siku ya harusi moja ya Mbweni, na wapigaji, wamevaa suti zao na kofia za kiua, wakabeba amplifaya wenyewe kutoka barabarani hadi ukumbini. Mzee wa fidla alibeba viti sita. Wiki iliyofuata akaniita pembeni akaniuliza, lile jambo lako la nauli ulilisemaje?

Onyesho letu la kwanza baada ya ukimya lilikuwa dogo, uani kwa mtu, watu hawakufika themanini. Mvuvi wa Funguni alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa safu ya nyuma karibu na mlango kama kawaida yake. Ganuni ilianza bashrafu vizuri. Katikati, zile sauti nzito za chini, zile za mshipi wa jodari, zikaanza kulegea kwa joto, sauti inateremka kidogo kidogo. Mwalimu akakunja uso, akaendelea. Nikageuka nyuma. Mvuvi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anamtazama mwalimu kama mtu aliyemwuzia mgeni samaki aliyelala.

Walipomaliza alinifuata. Akasema kesho ataleta mwingine, huu ulikuwa wa zamani. Nikamwambia safari hii nitamlipa. Akanitazama muda, kisha akauliza kama kuna chai imebaki. Ilikuwepo, na andazi moja. Nauli yake ya usiku ule, shilingi 400, ipo kwenye daftari, ukurasa wa mwisho uliogandana, na mbele yake nimeandika "bado".