Maharamia au wakulima?

Semina ya historia ya kale huku Ujerumani ni ya dakika 90, na mara nyingi kinacholetwa mezani ni karatasi moja: mistari 12 ya Kigiriki, tafsiri kando yake, basi. Kwa mtu aliyelelewa na daftari letu la shuleni kule nyumbani Afrika Mashariki, ambamo Ugiriki huisha Jumatatu, Roma Jumatano na Renesansi (Ulaya ilipofufua elimu ya kale) Ijumaa, tena kila moja kwa hoja sita, inaudhi. Dakika 90 kwa mistari 12! Lakini ukikaa na karatasi hiyo hadi mwisho, zile hoja sita hazikushibishi tena.

Tuchukue karatasi inayotuhusu: aya ya 16 ya Periplus ya Bahari ya Erithrea. Jina hilo tumelikariri sote: kitabu cha Mgiriki wa karne ya 1 cha kuwaongoza mabaharia na wafanyabiashara, kinataja Azania, yaani pwani yetu, na bandari ya Rhapta, alama mbili, twende mbele. Huku wanaanza kwa kuuliza kitabu chenyewe kimetufikiaje. Nakala kongwe iliyobaki ni ya karne ya 10 na imehifadhiwa Heidelberg. Kati yake na mwandishi kuna takriban miaka 900 ya mikono ya wanakili. Imebandikwa jina la Arrianus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 2, ambaye si mwandishi wake. Kitabu kikachapwa mara ya kwanza Basel mwaka 1533, wakati wasomi wa Renesansi wakivifukua vitabu vya Kigiriki na kuvipeleka mitamboni. Kila neno tunalosoma, basi, limepita kwa watu walioweza kukosea.

Na wamekosea kweli. Aya hiyo inasema watu wa pwani yetu ni wa miili mikubwa, kila mahali na mkuu wake. Humo kuna neno moja ambalo, kama lilivyo kwenye nakala, halikai sawa, ikabidi wahariri walirekebishe, kila mmoja kwa rai yake. Tafsiri ya Kiingereza ya 1912 ikatufanya maharamia. Ya 1989 ikatufanya wakulima. Herufi chache tu! Mwanafunzi wa kwetu aliyepewa muhtasari wa tafsiri moja ataandika "maharamia", atapata alama yake, na siku akiwa mwalimu atafundisha hivyo hivyo.

Aya inaendelea kwamba jina Rhapta limetokana na vyombo vya kushonwa, maana kwa Kigiriki rhaptein ni kushona. Hapa nasema kwa fahari: mtoto wa Lamu ana la kumfundisha profesa. Mtepe, chombo chetu cha kale cha tanga, ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, na upande wa Lamu uliendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Wenzetu wa huku aghalabu huupita mstari huo mbio wakiwahi aya za mbele zenye pilipili ya India, na inakera. Ila nasi tujizuie. Mtepe hauthibitishi kwamba Rhapta ilikuwa Lamu. Mahali pake hapajapatikana kwa uhakika. Vilevile aya inasema manahodha na mawakala wa Kiarabu walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Lugha gani? Haisemi. Anayeandika "Kiswahili" hapo ameiongezea karatasi maneno.

Kulibana neno namna hii ni kazi ambayo watu wa Renesansi waliijenga kwa jasho. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, msomi wa Italia, aliichukua hati iliyodai kwamba Kaizari Konstantino alimkabidhi Papa mamlaka ya Roma na magharibi yote. Akaonyesha kwamba Kilatini chake si cha karne ya 4: kinawaweka "masatrapi", cheo cha Uajemi, kati ya wakuu wa Roma, na kinaitaja Konstantinopoli kana kwamba tayari ni makao ya patriaki, yaani askofu mkuu. Hati ikaanguka kwa maneno yake yenyewe. Semina haiishii hapo. Inauliza pia nani alikuwa akimlisha Valla. Ni Alfonso, mfalme wa Aragon, aliyekuwa na ugomvi na Papa Eugenio IV. Hoja ni sahihi, na mwenye hoja alikuwa na bwana. Yote mawili yanaandikwa.

Sasa tazama hoja yetu namba moja: Renesansi ilianza kwa sababu Konstantinopoli ilianguka mikononi mwa Waturuki 1453, wasomi wakakimbilia Italia na vitabu. Lakini Manuel Chrysoloras, msomi wa Konstantinopoli, alianza kufundisha Kigiriki Florence, Italia, mwaka 1397. Jiografia ya Ptolemy, msomi wa Aleksandria wa karne ya 2, ambayo nayo inaitaja Rhapta, ilikuwa imeshatafsiriwa kwa Kilatini kufikia 1410 hivi. Wakimbizi wa 1453 walikuta moto unawaka, wakaongeza kuni.

Najua majibu yanayokuja. "Umelowea huko, sasa walimu wetu huwaoni kitu." La hasha. Mwalimu mwenye wanafunzi 120 na kitabu kimoja anabeba mzigo ambao profesa wa huku mwenye wanafunzi 20 hajawahi kuugusa. Ninachokishtaki ni mtihani. Ukiuliza "taja sababu sita", mwalimu mwenye huruma na wanafunzi wake atafundisha sababu sita. Ukiweka mistari mitano na tafsiri mbili zinazogongana, atafundisha kusoma. Na gharama? Wanafunzi 120, wanne wanne, ni karatasi 30. Tafsiri mbili zikae bega kwa bega. Dakika 10 wapigie mstari maneno yanayotofautiana. Ndipo uulize nani kaandika, lini, kwa ajili ya nani, nani kanakili, kipi hakikutajwa. Watakimbilia kusema kitabu ni cha kweli au cha uongo. Warudishe kwenye neno.

Mwingine atasema ustaarabu wa Magharibi hautuhusu. Ndugu yangu, ndani ya neno ustaarabu amekaa Mwarabu, na Aristotle alisomwa Paris pamoja na fafanuzi za Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Kordoba, Hispania. Ulaya haikujilea peke yake, nasi tumo katika aya ya 16.

Heidelberg wameipiga picha nakala yao yote na kuiweka mtandaoni bure. Simu yenye bando inaifungua. Neno la maharamia na wakulima limo humo, na ubishi wake haujaisha.