Kilo 40 na tani 60 kwenye grafu moja: logarithimu iingie wapi?

Tuseme karani wa chama cha msingi cha ushirika Newala au Nachingwea anachora mizigo ya korosho ya msimu. Mkulima mmoja kaleta kilo 40, mwingine 600, mwingine tani 60. Kwenye grafu ya kawaida yenye kimo cha sentimita 20, tani 60 zinagusa juu, kilo 600 zinapata milimita 2, na kilo 40 zinamezwa na unene wa mstari.

Skeli ya logarithimu inawaonyesha wote watatu. Mstari wa wima unaanzia kilo 10 hadi 100,000, hatua nne za sentimita 5, na kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Ndani ya hatua, mara mbili ya namba ya chini inakaa sentimita 1.5 kutoka chini, mara tano sentimita 3.5. Kilo 40 zinapanda hadi sentimita 3, 600 hadi 8.9, tani 60 hadi 18.9.

Faida yake kubwa ni kukagua daftari. Sifuri moja ikisahaulika, 4,500 ikawa 450, nukta inashuka hatua nzima chini ya ilipokuwa msimu uliopita, awe mkulima mdogo au mkubwa. Kwenye grafu ya kawaida kosa la mdogo halionekani kamwe. Vivyo hivyo, aliyetoka kilo 200 hadi 400 na aliyetoka 20,000 hadi 40,000 wanapanda kimo kile kile.

Lakini ipeleke grafu hiyo kwenye mkutano mkuu uone. Sentimita 18.9 na 8.9 zinasomeka kama mtu na mwenzake aliyemzidi mara mbili hivi, kumbe ni mara mia. Makato hutozwa kwa kilo, na kilo hujumlishwa. Kwa mjadala wa nani kachangia kiasi gani, skeli hii inapotosha hata kama kila nukta iko sahihi. Hapo ningebandika ya kawaida, wadogo wabanane chini. Hata wasomi huteleza: katikati ya 1,000 na 10,000 wanasoma 5,500, wakati pale ni kama 3,160.

Kwenye skeli hii, grafu ya mihimili (nguzo zinazosimama) ndiyo mbaya zaidi. Mstari ukianzia 10, mhimili wa kilo 600 ni asilimia 47 ya ule wa tani 60. Ukianzia 1, unakuwa asilimia 58. Data haijabadilika. Tumia nukta.

Asiyeleta kitu hana pa kukaa, kwa sababu sifuri haina logarithimu: hata ushuke hatua ngapi za mara kumi, huifikii. Wapo wanaoongeza 1 kwa kila namba. Kwa kilo haidhuru sana, ila kwa tani, 0.04 inakuwa 1.04 na 0.6 inakuwa 1.6, na pengo la mara 15 linayeyuka. Afadhali safu ya pembeni chini ya grafu, iandikwe “hawakuleta”, na idadi yao.