Gari la kubonyeza au la funguo? Kwa Tanga yetu mimi nasema funguo

Siku hizi kila ndugu wa Tanga anayetaka kuagiza gari Japani sharti lake la kwanza ni liwe la kubonyeza, yaani unaliwasha kwa kitufe badala ya kuzungusha funguo. Haulizi injini, haulizi limetembea kilomita ngapi, haulizi kama spea zake zinapatikana Ngamiani, yeye anauliza "lina pushi stati?" na ukimwambia hili ni la funguo ya kuzungusha anaona unamtafutia gari la wazee. Mimi naishi Birmingham, Uingereza, ninaloendesha huku ni la kubonyeza, na bado nasema kwa maisha ya nyumbani funguo ni bora. Sikatai maendeleo. Nimekaa pande zote mbili na najua ile rimoti ya gari la kubonyeza, unayotembea nayo mfukoni badala ya funguo, inataka nini ili ikutumikie.

Uzuri wake upo, tuseme ukweli. Unatoka supamaketi mvua inanyesha na baridi inakata, mikono imejaa mifuko, unagusa kitasa tu mlango unafunguka wakati rimoti imelala huko ndani ya koti, unakaa, unakanyaga breki, unabonyeza, limewaka. Mama yangu ana baridi yabisi ya vidole, kwake kuzungusha funguo asubuhi ni maumivu kabisa, na mtu kama huyo kitufe kinamsaidia hasa, hilo sibishani na mtu. Tena funguo ya chuma nayo ina mabaya yake, mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita magari zaidi ya milioni 2 yarudi kutengenezwa kwa sababu swichi ya kuwashia ilikuwa legevu, bunda zito la funguo likining'inia linaweza kuivuta swichi irudi nyuma, gari linazima njiani na eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, hazifunguki, na mfuko wa fidia wa ile kesi ulikubali madai ya vifo 124. Kwahiyo usidhani natetea chuma kwa mazoea.

Ila huku hiki kitufe kimeleta wizi wa aina ambayo Tanga bado hatujauzoea. Gari la kubonyeza linatoa mawimbi ya redio ya umbali mfupi yanayoulizia rimoti iko wapi, rimoti ikiyasikia inajibu kwa namba yake ya siri, gari likiridhika linafungua, na yale mawimbi yamepimwa yafike karibu tu, hatua moja mbili toka mlangoni. Sasa wezi wanakuja wawili usiku wa manane, mmoja anasimama na kimashine jirani na mlango wa nyumba mnapoweka rimoti, mwenzake yuko kwenye gari na cha pili, wanayarefusha yale mawimbi gari linadhani mwenye nalo kasimama hapo, linafunguka, linawaka, wanaondoka nalo na wewe umelala. Hakuna kioo kilichovunjwa wala alamu iliyolia. Jirani yangu wa nyumba ya tatu liliondoka hivyo hivyo, asubuhi kasimama kwenye kiwanja chake anatazama sehemu tupu, rimoti zote mbili anazo mkononi. Toka siku ile mtaa mzima rimoti zinalala ndani ya makopo ya biskuti ya bati au vile vimfuko vyenye kitambaa cha chuma ndani vinavyozuia mawimbi, na watu wamerudi kununua chuma cha kufungia usukani, kitu cha miaka ile kabisa. Serikali ya Uingereza mwaka 2025 ikapeleka bungeni muswada unaotaka kumiliki vile vimashine kuwe kosa, kifungo hadi miaka 5. Kuna magari mapya yenye redio ya aina nyingine inayopima umbali wa kweli wa rimoti, hayo ni magumu kuibiwa kwa njia hii, lakini ndo mapya na bei yake unaijua, sio haya tunayoagiza sisi yakiwa na miaka kumi na zaidi.

Haya, twende nyumbani. Huku gari ni la mtu mmoja, mimi na langu, nikilala limelala. Tanga gari la nyumbani ni la watu wote, kaka anakwenda nalo kazini asubuhi, mdogo wetu anapelekea watoto shule, kijana wa kuosha anataka alisogeze kivulini, usiku jirani anagonga hodi ana mgonjwa wa kuwahishwa hospitali ya Bombo na aliyeamka ndo anaendesha. Funguo iko kwenye msumari pale ukutani, na kama haitoshi unakwenda kwa fundi wa funguo anakuchongea nyingine. Isiyo na chipu, kile kidude cha elektroniki ndani ya funguo ambacho gari linakitambua ndipo liwake, unachongewa huku umesimama. Yenye chipu inabidi chipu inakiliwe pia, gharama inapanda kidogo, lakini bado ni kitu cha kuongeleka.

Rimoti haitaki maisha hayo. Kaka yangu alimpeleka wifi Kange apande basi la Dar, gari linaunguruma, wifi kashuka na mkoba wake na rimoti imo ndani ya mkoba, maana yeye ndo alikuwa amelifungua nyumbani. Gari likapiga milio yake ya kuonya pale kituoni, na Kange unaijua kwa honi na wapiga debe, nani atasikia. Likaendelea tu kutembea, kwa sababu magari haya hayakuzimikii ukiwa barabarani hata rimoti ikiwa mbali, na kuzima ghafla ingekuwa hatari zaidi. Kaka akapita sokoni Mgandini, akazima, akanunua samaki, karudi anabonyeza, kimya. Kumpigia wifi, basi liko linaikaribia Segera. Ikabidi wifi ashuke pale Segera aitie rimoti kwenye bahasha, aandike namba ya simu juu, amkabidhi kondakta wa basi linalorudi Tanga, na kaka akakaa sokoni na samaki wake juani mpaka bahasha ilipofika jioni. Ingekuwa funguo, ingebaki kwenye swichi, isingewezekana wifi aondoke nayo na gari linawaka.

Af kuna bahari. Ukienda kuogelea Raskazone, funguo ya chuma tupu unaifunga kwenye kamba ya kaptula unajitosa nayo, ukitoka unaifuta. Rimoti ikiingia maji ya chumvi imekwisha, na kuiacha juu ya nguo ufukweni ni kuacha gari lenyewe.

Kabetri kake sio tatizo kubwa, ni kale ka duara ka volti 3, CR2032 kwenye nyingi, fundi saa anako. Na kakiisha sio mwisho wa safari, watu wengi hawajui hili: ndani ya rimoti mna kijifunguo cha chuma unakichomoa kufungulia mlango, halafu kwa Toyota nyingi unakanyaga breki, unaigusisha rimoti upande wenye nembo kwenye kitufe chenyewe, ukisikia mlio unabonyeza, linawaka hata betri ya rimoti ikiwa imekufa. Tatizo lenyewe ni kuipoteza. Magari mengi ya mtumba yanafika na rimoti moja tu, ikipotea gari zima halina mwenyewe, mpaka apatikane mtu mwenye mashine ya kuifuta rimoti ya zamani kwenye kompyuta ya gari na kuifundisha mpya, na kwa Tanga mara nyingi utaambiwa subiri atoke Dar. Mimi huku rimoti ya pili niliuziwa zaidi ya paundi 200, na huku wenye mashine wamejaa.

Marekani kuna watu walikufa kwa moshi kwa sababu walitoka garini na rimoti mfukoni wakidhani wamezima, injini ikaendelea usiku kucha kwenye gereji iliyounganika na nyumba. Kwetu magari yanalala uani hewani, hiyo hatari ni ndogo, ila mafuta yataisha.

Kaka sasa ananitumia picha za magari mawili yanayofanana rangi na mwaka, moja la kubonyeza na moja la funguo yenye chipu, la funguo bei iko chini kidogo. Nimemjibu achukue la funguo, tofauti ya bei afunge geri loki, lile kufuli la gia, na achonge funguo mbili za akiba, moja ikae kwa mama. Na kama moyo wake umeng'ang'ania kitufe basi asilipe hata senti mpaka muuzaji ampigie picha rimoti mbili zikiwa pamoja, kila moja na kijifunguo chake kimechomolewa kionekane.