PE ya vyuo vya ubaharia ifuate kazi za melini

Vyuo vya ubaharia vina mvutano juu ya somo la PE, yaani mazoezi ya viungo. Wapo wanaotaka libaki mbio, mpira na pushapu, wapo wanaotaka lifuate kazi za melini. Hawa wa pili wanachukuliwa kama wanataka kuwageuza vijana makomandoo, kumbe wanachodai ni kidogo tu.

Angalia ule mtungi wa hewa anaoupumulia baharia akiingia kuzima moto. Kanuni inataka ubebe angalau lita 1,200 au udumu angalau dakika 30, na king'ora kilie kabla hazijabaki lita 200, maana yake za kufanyia kazi ni kama 1,000 hivi. Anayevuta lita 40 kwa dakika anapata dakika 25, lakini mpe kijana asiye na pumzi, kavaa suti nzito, anaburuta mpira wa maji anapanda ngazi za injini kwenye moshi, akifika lita 80 kwa dakika anapata dakika 12 na nusu tu, na humo humo aingie, amtafute mwenzie, amkokote, watoke. Mtungi ni ule ule jamani, kilichotofautiana ni kifua! Na hicho kifua hakijengwi na mechi ambayo nusu ya darasa wamekaa nje wanashangilia.

Wanaopinga nao wana hoja. Wanasema mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, tayari unamtaka kila baharia aruke majini na jaketi la kuokolea, aogelee nalo, ainue boti ya mpira ya kujiokolea iliyopinduka. Sawa, ila hiyo ni kozi fupi, inapima kama unaweza siku ile, mwili haijengi. Mpira unajenga umoja, hilo sibishi. Bwawa ni gharama, kweli. Hoja yao nzito kuliko zote ni kwamba vipimo vya nguvu tupu vitawatupa nje wasichana na wenye miili midogo, hapo wako sahihi kabisa, ndo maana kipimo kiwe kazi yenyewe, mfano kumtoa majeruhi mkiwa wawili kwa mbinu sahihi, sio kuhesabu vyuma.

Mimi ningeanza na kamba na ngazi tu, bwawa lije baadaye. Ngazi ya kamba ya kupandia rubani wa meli, yule anayekuja kuiongoza meli bandarini, inaruhusiwa mpaka mita 9 kutoka usawa wa maji, baharia naye mara nyingine huipanda kwenye meli iliyotia nanga, na pale mkono ukichoka katikati hakuna pa kupumzikia. Kamba ya kuning'inia mara tatu kwa wiki, chuo gani kinashindwa?