Tajiri akiuza mkataba wa bodaboda, kadi atadaiwa nani?

Tuseme dereva ameshampelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, hesabu ya kila siku ya 10,000 kwa siku 280. Mkataba ni wa siku 400, zikitimia pikipiki inakuwa yake. Asubuhi moja yuko kijiweni, simu inaita: "Mimi ndiye tajiri mpya. Kuanzia leo hesabu unatuma kwangu."

Tajiri wa zamani naye ana sababu zake. Bado anadai 1,200,000, ila ana mgonjwa na pesa anaitaka leo, si baada ya miezi minne. Jirani akimpa milioni moja taslimu na kuuchukua mkataba, kosa liko wapi? Dereva haongezewi hata senti. Kilichobadilika ni namba ya kutumia pesa. Kwa upande huo nakubali: deni linauzika, mdaiwa apewe taarifa tu.

Shida ni kwamba tajiri naye anadaiwa. Siku ya 400 lazima akabidhi kadi ya usajili wa pikipiki na kukubali umiliki uhamishwe. Mnunuzi aking'aka, "Mimi nimenunua hesabu, ya kadi muulize aliyekuahidi," dereva anaenda wapi?

Uingereza walilikuta jambo hili tangu enzi za magari ya farasi. Mwaka 1831, katika kesi ya Robson na Drummond, mteja alikodishiwa gari kwa miaka mitano, litunzwe na kupakwa rangi. Fundi aliyeaminiwa akastaafu, mwenzake akataka kuendelea. Mahakama ikasema mteja halazimiki. Alimchagua fundi yule. Mwaka 1880 mteja aliyekodi mabehewa ya reli alipojaribu kukwepa kwa hoja hiyohiyo, alishindwa, maana kukarabati behewa ni kazi ya fundi yeyote anayeijua.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haiko mbali na hapo. Kama haikukusudiwa mwahidi atimize kwa mkono wake, anaweza kuweka mtu mwingine mwenye uwezo. Ndiyo nafasi ya deiwaka, yule anayemshikia dereva pikipiki kwa muda, ingawa matajiri wengine huikataa kwa maandishi, na siwalaumu. Deiwaka akilala na hesabu, anayedaiwa ni dereva yuleyule.

Basi kipimo hicho kimbane na tajiri. Kukabidhi kadi si ufundi wa mtu mmoja, anaweza kukabidhi mwingine. Lakini aliyeahidi hatoki mpaka dereva aridhie kumwachilia. Wapo madereva wanaolalamika kwamba bosi wa kwanza alikuwa mpole, siku ya mvua hakudai. Nawaonea huruma, ila upole ambao haukuandikwa hauhami na mkataba.

Kwangu mimi hatari iko kwenye hesabu ya siku ya 281. Dereva akiituma kimyakimya, na ya kesho yake, na wiki nzima, tajiri wa zamani atasema, "Si ulishamkubali mwenzangu?" Karatasi yenye sahihi tatu itangulie, iandike kadi itatoka kwa nani, ndipo pesa ifuate.